Meli ikishafunga gatini, izime jenereta zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huku Moshi wengi wanadhani halituhusu: moshi wa meli za mizigo. Miaka hii magazeti yetu yameandika sana kuhusu bandari. Tumesoma habari za kina cha gati, za kreni mpya, za meli kubwa zinazoingia Dar es Salaam, za siku ngapi kontena linakaa kabla ya kutolewa. Ni habari njema na ninazifuatilia. Ila kuna swali sijaliona likiulizwa hata mara moja. Meli ikishafunga gatini, injini kubwa ikazimwa, zile jenereta zinazoendelea kunguruma usiku na mchana zinachoma nini, na moshi wake unamwendea nani?

Mimi ni mkulima wa kahawa na parachichi Kirua Vunjo. Kabla ya kurudi kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, nilikuwa baharia, tena si wa juu ya deki bali wa chini, chumba cha injini, kwanza oila, yaani msaidizi wa kulainisha mashine, baadaye fita, yaani fundi wa matengenezo. Nimefanya kazi kwenye meli za makontena na kwenye meli za shehena ya kichele, yaani mzigo usiofungashwa. Mengi ya ninayoyaandika hapa nimeyashika kwa mikono yangu.

Nianze na mafuta yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Ukimwambia mtu "mafuta ya meli" anafikiria dizeli kama ya lori. Sivyo. Meli nyingi kubwa zinatumia mafuta mazito, yaani yale yanayobaki kiwandani baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Yakipoa yanakuwa kama lami. Hayapiti kwenye bomba mpaka yapashwe moto. Ndani ya matangi kuna koili za mvuke zinazoyaweka kwenye nyuzi 40 na kitu ili pampu iweze kuyavuta. Yakifika kwenye mashine ya kuyasafisha, ile inayozunguka kwa kasi ili kutenga maji na uchafu, yanapandishwa hadi nyuzi 98. Kabla ya kuingia kwenye injini yanakuwa nyuzi 130 na zaidi. Mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kuifungua mashine hiyo na kukwangua tope lililoganda kwenye sahani zake. Ni tope jeusi linalonata, na harufu yake inaingia kwenye nguo kiasi kwamba ukifua leo, kesho bado unaisikia. Kinachobaki kwenye sahani zile kinapelekwa kwenye tangi la uchafu. Kinachopita kinachomwa, na sehemu yake inatokea juu kwenye dohani.

Ndani ya mafuta hayo kuna salfa. Ikiungua inakuwa hewa inayowasha koo na kifua, na mwenye pumu anaijua kabla hujamwambia. Tena inasaidia kutengeneza chembe ndogo mno zinazopita kwenye mapafu na kufika kwenye damu. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na James Corbett wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walikadiria kwamba chembe zinazotokana na meli zilikuwa zinachangia vifo vya watu wapatao 60,000 kwa mwaka duniani, wengi wao wakiwa wakazi wa pwani. Wakati huo meli ziliruhusiwa mafuta yenye salfa hadi asilimia 4.5. Mwaka 2012 kiwango kikashushwa hadi asilimia 3.5, na tangu 1 Januari 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), lenye makao yake London, limeweka ukomo wa asilimia 0.50. Ni hatua kubwa na nawapongeza waliopigania.

Lakini tulinganishe na huku nchi kavu. Viwango vya dizeli vya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Januari 2015 vinataka salfa isizidi sehemu 50 katika kila milioni. Asilimia 0.50 ya meli ni sehemu 5,000. Gunia la kahawa likitoka Moshi kwenda Tanga, kilomita kama 350, linabebwa na lori lenye dizeli ya 50. Likifika gatini linapokelewa na meli ambayo mafuta yake yanaruhusiwa kuwa na salfa mara 100 ya hiyo. Na meli iliyofungiwa mtambo wa kuosha moshi inaruhusiwa kuendelea na mafuta yale ya zamani, machafu zaidi. Mitambo mingi ya aina hiyo inayamwaga maji ya kuoshea baharini.

Sasa nieleze kitu nilichokifanya mara nyingi na ambacho ndicho hasa kimenifanya niandike.

Enzi zangu, meli ikitoka huku kwetu kwenda Ulaya ya kaskazini, kabla haijaingia kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, chumba cha injini kilikuwa kinaanza kazi ya kubadilisha mafuta. Bahari ile, pamoja na Bahari ya Kaskazini na Baltiki, ni eneo la ulinzi maalumu: tangu 2015 salfa hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.10. Kubadilisha si kugeuza koki tu. Mafuta mazito yana joto la nyuzi 130, dizeli safi imepoa. Ukiyaingiza kwa ghafla, pampu za mafuta zinakamata na injini inaweza kuzima katikati ya njia yenye meli nyingi. Kwa hiyo joto linashushwa taratibu, lisizidi nyuzi mbili kwa dakika. Unasimama pale, jicho kwenye kipimajoto, mkono kwenye vali, chifu, yaani mhandisi mkuu wa meli, anakupigia simu kutoka chumba cha udhibiti: "Sasa ngapi?" Unamtajia, anakwambia subiri, anapiga tena. Jasho linakutiririka mpaka ndani ya buti. Mabomba yote yakishajaa mafuta safi, chifu anaandika kwenye kitabu cha meli saa na mahali tulipo, kwa sababu mkaguzi wa bandarini anaweza kupanda, akakidai kitabu na kuchukua sampuli ya mafuta. Zaidi ya hapo, tangu Januari 2010 bandari za Umoja wa Ulaya zinataka meli itakayokaa gatini zaidi ya saa mbili itumie mafuta ya asilimia 0.10, hata kwa jenereta.

Tukimaliza kushusha, tunageuza. Tukishatoka kwenye eneo lile tunarudisha mafuta mazito, na tunakuja nayo mpaka Dar es Salaam, tunafunga gati, tunashusha, tunapakia, tunaondoka. Hakuna anayebadilisha kitu. Ni meli ile ile na mabaharia wale wale, na tangi la mafuta safi limo humo humo ndani likisubiri safari ya kurudi kaskazini. Mapafu ya mtoto wa Kurasini hayana tofauti na ya mtoto wa Rotterdam. Jambo hili lilinikera nikiwa kazini na linanikera mpaka leo.

Kurasini naijua vizuri, binti yangu na wajukuu wanakaa huko. Wakati wa kaskazi upepo unatoka baharini na kuusukuma moshi wa bandari upande wa Kurasini, Mtoni na kuendelea. Kusi ikishika, unageukia katikati ya jiji. Si kila masizi yanayotua kwenye nguo zilizoanikwa yametoka kwenye meli. Kuna malori, kuna daladala, kuna majiko ya mkaa. Hilo nakiri. Lakini malori yamewekewa kiwango cha mafuta. Kwa nini meli iliyofungwa kamba mita chache kutoka kwenye malori hayo isiwekewe kiwango kikali zaidi?

Niseme pia kwamba siichukii meli. Zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya dunia kwa ujazo inapita baharini, na hakuna chombo kinachobeba tani moja kwa mafuta machache kama meli kubwa. Kontena moja la futi 20 linachukua magunia 320 hivi ya kahawa ya kilo 60. Ukitaka kuyapeleka Ujerumani kwa njia nyingine yoyote, utachoma mafuta mengi zaidi. Mbolea yetu inakuja kwa meli, ngano inakuja kwa meli, hata pikipiki za vijana pale stendi. Ila kwa pamoja meli zinatoa karibu asilimia 3 ya gesi zinazoongeza joto duniani, na mwaka 2023 nchi wanachama wa IMO zenyewe zilikubaliana kwamba gesi hizo za meli zifike sifuri halisi ifikapo 2050 au karibu na hapo. Hilo la katikati ya bahari litategemea mafuta mapya na pesa nyingi za wakubwa. La gatini lipo mikononi mwetu.

Hesabu yake ni hii. Meli ya makontena ya ukubwa wa kati ikiwa gatini inahitaji umeme wa kama megawati moja: taa, pampu, mashine za hewa, jiko, na makontena ya baridi. Yakiwa mengi hayo ya baridi, kama yanayobeba parachichi zetu, mahitaji yanapanda. Megawati moja kwa siku ni uniti 24,000. Hizo ni uniti ambazo nyumba 320 za wateja wadogo wa TANESCO, wale wa uniti 75, zingetumia mwezi mzima. Ili kuzizalisha, jenereta za meli zinachoma kama tani 5 za mafuta, na kila tani ya mafuta inatoa zaidi ya tani 3 za hewa ya ukaa. Siku moja, meli moja, imesimama tu.

Dawa inajulikana na si ngeni. Meli inachomekwa kwenye umeme wa nchi kavu, jenereta zinazimwa. Göteborg, Sweden, walianza kwa meli za mizigo mwaka 2000. Los Angeles walianza kwa meli za makontena mwaka 2004, kisha jimbo zima la California likaweka sheria. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia 2030 meli za makontena na za abiria zikifunga kwenye bandari zake kubwa lazima zichomekwe. Maana yake wenye meli sasa wanazifungia kebo na mitambo ya kupokea umeme huo. Sisi tukikaa kimya, meli zenye mitambo hiyo zitapelekwa kunakodaiwa, na zile kuukuu zisizokuwa nayo zitaletwa kunakofungwa macho. Nimekaa na wenye meli vya kutosha kujua wanavyopanga safari.

Na sisi umeme tunao. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Meli kumi zikichomekwa kwa pamoja bandari ya Dar es Salaam hazifiki sehemu ya kumi ya mtambo mmoja. Nchi iliyoweza kuendesha treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma haishindwi kupeleka kebo gatini.

Najua jirani zangu hapa Vunjo watasema nini, kwa sababu nimeshawaeleza na wamenijibu: "Mzee, umeme huku unakatika, wewe unataka tuwape meli?" Nawaelewa. Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mkoani kwetu alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa ule unaotoka mbali kusini unapotea mwingi njiani. Lakini hapo hapo ndipo jibu lilipo. Tatizo letu huku ni umbali na nyaya. Bandari ya Dar es Salaam iko karibu na umeme huo wa Rufiji kuliko sisi, na meli ni mteja anayelipa uniti anazotumia, mchana na usiku, bila kusubiri mwisho wa mwezi. Shirika likipata mteja wa namna hiyo linapata pia nguvu ya kutengeneza laini ya huku.

Ugumu upo, sitauficha. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde na meli nyingi zinatumia 60, kwa hiyo gatini panahitajika mtambo wa kubadilisha, na huo ndio ghali. Meli za mafuta zinazoshusha kwa pampu za mvuke zitaendelea kuwasha boila hata zikichomekwa. Kazi kama hiyo haiishi kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana nasema tuanze na lile lisilohitaji kujenga chochote: meli ikifunga gatini Dar es Salaam, Tanga au Mtwara kwa zaidi ya saa mbili, ibadilishe mafuta na kutumia yale ya asilimia 0.10, kama inavyofanya Ulaya. Meli zinazokwenda huko zinayabeba, kazi ya kubadilisha mabaharia wanaijua. Kinachotakiwa ni kanuni na mtu wa kuisimamia. Ushahidi unapatikana humo humo melini: kila meli ikinunua mafuta inapewa hati inayoonyesha kiwango cha salfa, ambayo lazima itunzwe miaka 3, pamoja na chupa ya sampuli iliyopigwa lakiri, ambayo hukaa si chini ya miezi 12.

Kuna la nanga pia. Meli inaondoka bandari ya nyuma ikikimbizwa, inafika kwetu inaambiwa gati halina nafasi, inatia nanga nje siku kadhaa jenereta zikinguruma. Nguvu inayotakiwa kuisukuma meli inapanda kwa kasi mno kuliko mwendo wenyewe. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 10 tu, injini inapumzika kwa zaidi ya robo ya nguvu yake. Bandari ikiwa na utaratibu wa kumwambia nahodha mapema kwamba gati lake litakuwa wazi Alhamisi, hatakimbia afike Jumatatu. Kwa hilo hatuhitaji hata kebo, tunahitaji ratiba ya kweli na mtu wa kuituma.

Sasa nirudi kwetu wakulima, maana suala hili lina pesa ndani yake. Tangu Januari 2024 Umoja wa Ulaya unazitoza meli kwa hewa ya ukaa. Safari kati ya bandari ya huko na ya nje inatozwa nusu ya hewa iliyotolewa, na kampuni za meli zinaiongeza gharama hiyo kwenye nauli ya kontena. Kwa hiyo sehemu ya bei ya kahawa na parachichi zetu inakwenda kulipia moshi, na fedha hiyo inabaki Ulaya. Moshi uliotolewa meli ikiwa imefunga Dar es Salaam au Tanga haumo kwenye hesabu yao kabisa. Huo wameuacha kwetu. Na huko London, kwenye IMO, mpango wa tozo ya dunia nzima, ambao ungeweka mfuko wa kuzisaidia pia nchi kama yetu, uliahirishwa kwa mwaka mmoja kwenye kikao cha Oktoba 2025. Wakati wanaendelea kubishana, mashamba yetu ya kahawa yanapimwa kwa GPS, mti kwa mti tunaulizwa, ili mnunuzi wa Ulaya aridhike kwamba hatukukata msitu. Tumekubali, tumeonyesha mipaka. Mkulima wa robo eka akihesabiwa, meli ya tani maelfu iliyofunga kwenye gati la serikali nayo ihesabiwe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Waandishi wako wakienda tena bandarini, waulize pamoja na kina na kreni: magati mapya ya Dar es Salaam na Tanga yalipojengwa, je, yaliachiwa njia za kupitisha kebo ya umeme wa meli? Mikataba ya waendeshaji inasema lolote kuhusu jenereta za meli iliyofunga? Mamlaka ya bandari (TPA) na shirika la serikali linalosimamia usafiri wa meli (TASAC) wana mpango gani na tarehe gani? Baraza la mazingira (NEMC) wana kipimo cha hewa upande wa Kurasini, na kama kipo, matokeo yake yanabandikwa wapi ili mama mwenye mtoto wa pumu ayaone? Waandishi wako wakipewa kitabu cha meli wakashindwa kukisoma, mimi nipo. Nauli ya basi kutoka Moshi nitajilipia mwenyewe.

Fundi mstaafu wa injini za meli na mkulima wa kahawa,
Kirua Vunjo, Moshi